Kidole cha Mama Mochwari

Shangazi yangu alikuwa mtu wa nyama. Naanza na hilo ili msije mkadhani nawasimulia habari za mtu laini wa moyo, wa kutokwa machozi akiona mbuzi kafungwa kamba. Huyu aliweza kulimaliza paja la mbuzi peke yake, akauvunja mfupa, akanyonya uboho, kisha akauliza kama jikoni kumebaki kitu. Mume wake alimwacha mara mbili, mume yule yule, na mara zote mbili sababu ilikuwa mdomo wake. Mdomo huo haukuwa na breki. Ulimvunjia ndoa na ukamkosanisha na majirani wa pande zote mbili za ukuta, lakini kazini ulimfanya apendwe, kwa sababu alipofanya kazi yeye hakuna aliyenuna.

Alikuwa mhudumu wa mabanda katika kampuni kubwa ya kuku wa nyama. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na miaka ile nilikaa kwake nikijifunza ufundi cherehani, kwa hiyo kila jioni nilikuwa wa kwanza kupokea habari za kuku na harufu yao. Harufu ilitangulia. Ilikuwa ya mkojo mkali, inachoma macho kama kitunguu, na haikutoka kwa sabuni wala kwa maombi. Nguo zake za kazi zilining'inia nje ya dirisha, na mbwa wa mtaani walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara.

Banda alilosimamia lilikuwa refu kama bweni la shule, halina dirisha, taa zinawaka karibu mchana na usiku ili kuku wasipate wazo la kulala badala ya kula. Vifaranga waliingia wakiwa wadogo wa kujaa kiganjani, na baada ya wiki tano na kitu walitoka wakiwa kitoweo. Walipoingia walikuwa na nafasi ya kukimbizana. Kadiri walivyonenepa sakafu iliisha, mpaka kuku akitaka kugeuka ilibidi jirani yake amruhusu.

Kila asubuhi shangazi alianza kwa kupita na ndoo, anaokota waliokufa usiku. Akimaliza, alirudi kuwanyonga walioshindwa kusimama. Kuku asiyesimama hafiki kwenye maji, asiyekunywa hanenepi, na asiyenenepa kampuni haina haja naye. Kwa ajili ya ndoo ile wenzake walimbandika jina la Mama Mochwari. Hakulikataa. Alisema ni afadhali yeye anayewazika kuliko wao wanaowaandika daftarini kama namba tu.

Hakuwapenda kuku. Alisema Mungu alipogawa akili kuku walikuwa wamejificha chini ya kitanda. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera, na alilirudia mezani mpaka nikalikariri. Kuku wale walikuwa na kifua cha mbeba vyuma juu ya miguu ya njiti za kiberiti. Wengine hawakuwa wagonjwa kabisa. Walikuwa wazito tu kuliko miguu yao. Akimwokota mmoja wa namna hiyo, alisikia moyo wake kiganjani ukienda mbio kama cherehani yangu ikishona pindo. "Wamemjenga kifua," alisema, "bila kuuliza miguu kama iko tayari." Kisha alimnyonga, akaendelea na mstari. Nilimuuliza mara moja kama anajisikia vibaya. Akanijibu kwamba anajisikia mwenye njaa, na mboga iko wapi.

Sasa, ukibananisha viumbe hivyo mahali pamoja, juu ya kinyesi chao wenyewe, mmoja akipiga chafya wote wanaugua. Kampuni ilikuwa na jibu la hilo. Kulikuwa na unga wa njano uliochanganywa kwenye tangi la maji ya kunywa, na shangazi ndiye aliyeukoroga. Haukusubiri kuku augue. Waliupata wazima na wagonjwa, tangu wakiwa vifaranga. Msimamizi wa mabanda, kijana mpole aliyejipaka manukato mengi na kuwaogopa kuku kama nyoka, alimweleza kwamba ni kinga, tena inasaidia wanenepe haraka. Shangazi hakuwa na tatizo na hilo. Aliliita tangi lile zahanati, akakoroga.

Halafu kuku mmoja akampiga kucha kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, penye tundu la glavu.

Kilikuwa kikwaruzo cha kutemea mate na kusahau. Akatema mate, akasahau. Siku chache baadaye kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa kama bilinganya, na homa ikaja. Akaenda zahanati ya mtaani, akapewa vidonge. Akavimeza, kidole kikaendelea na mambo yake. Akapewa vidonge vingine vikubwa zaidi, vya rangi mbili, ambavyo alisema vilimpitia kooni kama kumeza mende. Wapi. Uvimbe ukapanda kwenye kiganja. Mimi nikakodi gari, nikampeleka hospitali kubwa akinitukana njia nzima kwa kumharibia siku.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alichukua usaha, akaupeleka maabara, akamchoma sindano wakati majibu yakisubiriwa. Sindano nazo zikagonga mwamba. Majibu yalipotoka alikuja akavuta kiti, na ukiona daktari anavuta kiti ujue habari si nzuri. Alieleza kwamba vijidudu vilivyomo kidoleni vimepata usugu. Dawa karibu zote zinazotumika kwa kidonda cha namna ile vimeshazizoea. Akauliza taratibu, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Natibu kuku wasioumwa," alisema shangazi.

Daktari akamtaka aeleze. Shangazi akaeleza yote, tangi, unga wa njano, koleo la kukorogea. Daktari akauliza jina la unga ule. Alipolisikia akasema ni ndugu wa vidonge alivyopewa zahanati, ukoo mmoja kabisa. Vijidudu vya bandani vilikuwa vinanyweshwa kidogo kidogo kila siku, dhaifu vinakufa, vikaidi vinabaki na kuzaana, mpaka vikabaki vikaidi vitupu.

"Kwa hiyo ni mimi niliyevipeleka shule," alisema shangazi.

Hakuna aliyecheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza namwona amesema kitu cha kuchekesha bila yeye mwenyewe kukitaka. Kesho yake walimkata kidole ili kuokoa mkono. Ilipatikana dawa moja, ya zamani na kali, iliyomtapisha na kumtia kizunguzungu, ikafanya kazi. Siku alipoweza kukaa kitandani na kula, mhudumu wa jikoni akaja na sahani. Ilikuwa wali na kuku. Shangazi aliutazama ule mguu wa kuku muda mrefu, akaugeuza kwa uma, akaniambia kwa sauti ya wodi nzima kusikia kwamba huyu anamfahamu.

Aliporudi kazini, msimamizi alimpa pole ya kampuni: kuku wawili wa barafu kwenye mfuko wenye nembo. Nilitaka kucheka, nikamwona hacheki. Glavu yake ya kulia aliifunga fundo kwenye kidole kisichokuwa na mwenyewe, akarudi bandani. Lakini kunyonga kunataka mkono mzima. Kuku walimponyoka wakiwa nusu hai, na hilo hakulivumilia. Alisema kama ni kuua basi uue, usimfanyie mtu mazoezi. Akamwendea msimamizi, akaomba kazi nyingine.

Msimamizi akampeleka kwa mkuu wa masoko. Huyu alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, mwepesi wa kucheka kabla hujamaliza sentensi. Alimsikiliza shangazi akiongea kidogo, akaona mbele yake mtu ambaye watu watasimama kumsikiliza. Akamvika aproni nyeupe, akamweka kwenye supamaketi kubwa ya mjini, mbele ya jokofu la kampuni, na jiko dogo la umeme. Kazi ilikuwa kukaanga vipande vya kuku, kuvichoma vijiti, na kuwaonjesha wateja bure huku akiwasifia bidhaa.

Kwenye kusifia ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani.

Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye tai. Aliuliza kama kuku huyu ni laini. Shangazi akamwambia lazima awe laini, hajawahi kutembea maisha yake yote. "Hata wewe baba, tukikufungia sebuleni taa inawaka, tukakulisha mpaka miguu ikatae, utakuwa laini hivi hivi." Bwana akacheka mpaka akashika jokofu. Akanunua. Mama mmoja akauliza ni kuku wa umri gani. Shangazi akamwambia ukucha wake ukikatika leo, huyu anazaliwa, anasoma, anastaafu na kuzikwa kabla haujaota vizuri. Mama akacheka, akaita mwenzake aje asikie. Ilipofika saa sita palikuwa na duara la watu.

Nilikwenda kumwona, maana habari zilifika mpaka kwenye kibanda chetu cha ushonaji. Nilimkuta amepandisha sauti, vijiti mkononi, anaeleza harufu ya banda. Watu wanatafuna. Anaeleza ndoo ya asubuhi. Wanatafuna. Mkuu wa masoko naye alikuwa amesimama nyuma ya rafu ya mafuta ya kupikia, na nikadhani leo shangazi anapoteza kazi. Kumbe kijana yule alikuwa anatazama jokofu. Lilikuwa tupu. Alimwendea akamshika mabega, akamwambia aendelee hivyo hivyo, asibadilishe hata neno. Watu siku hizi wamechoka kudanganywa, alisema. Ukweli unauza.

Mwisho wa mwezi alipewa cheti chenye fremu, mwonjeshaji bora. Alikileta nyumbani, akakiweka juu ya kabati la vyombo, uso umeelekea ukuta.

Basi akaamua kuwaonyesha kazi. Siku iliyofuata aliacha mizaha, akasema ya dawa. Aliwaeleza tangi na unga wa njano, akaeleza kwa nini vidonge vyao vinaweza siku moja kukataa kufanya kazi. Akainua mkono wenye vidole vinne. Wachache wakaacha kutafuna. Bwana mmoja mnene aliyekuwa mbele aliuangalia ule mkono kwa heshima, akauliza kama kilikatwa na mashine.

"Kilikatwa na daktari. Kwa sababu ya dawa alizokunywa huyu unayemtafuna."

Bwana akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akameza. Kisha akauliza, "Na hii sosi, mama, inauzwa hapa hapa?"

Jioni ile alikaa mezani hajavua viatu. Nilimwekea chakula, hakugusa, na kwa shangazi hiyo ilikuwa dalili ya kuitisha ukoo. Mwishowe akasema angeweza kuwaambia ni sumu, wangeuliza kama kuna ya pilipili. Alikuwa amezoea maneno yake kuvunja vitu, ndoa, urafiki, ujirani. Alikuwa hajawahi kuona maneno yakitoka na kuanguka chini bila hata kumuudhi mtu. Hilo lilimuuma kuliko kidole.

Yule daktari alimkuta huko huko supamaketi. Alikuwa ametoka zamu, begi begani, anapita kutafuta mkate, akapokea kijiti bila kumtazama anayempa, akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili ndipo akainua macho. Wakatazamana. Shangazi anasema hajawahi kuona mtu aliyesoma akikwama namna ile, hawezi kumeza na hawezi kutema.

"Meza tu, mwanangu," akamwambia. "Una njaa."

Daktari akameza. Akasema hajala tangu jana, akacheka kwa aibu, kisha akakaa kwenye kreti la soda nyuma ya jokofu na wakaongea mpaka kipande kilichokuwa jikoni kikaungua. Shangazi alimlalamikia kwamba watu hawa hawasikii. Daktari akamwambia wanasikia vizuri sana, ila mtu mwenye kijiti mdomoni ameshaamua. Akaeleza kwamba hospitali yao ndiyo mnunuzi mkubwa wa kuku wa kampuni hii mjini, katoni kwa katoni kila wiki, na yeye amekuwa akiwaambia wakubwa wake kwamba wodini wanatibu usugu huku jikoni wanaulipia. Wanamwitikia kwa kichwa tu. Je, mama angekuja kuongea nao?

Shangazi alijifanya kufikiria. Kisha akakata kauli aende, na akaniomba nimshonee gauni la maana, lisilo na maua, maana anakwenda kugombana na watu wenye ofisi.

Nilimsindikiza. Kilikuwa chumba cha mkutano chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachokoroma, na katikati ya meza kulikuwa na chai na sinia la soseji za kuku. Mwenyekiti, mganga mkuu, mzee wa sauti ya chini, akamkaribisha aongee. Shangazi akakataa kufungua mdomo mpaka sinia liondolewe. Walidhani anatania. Akasubiri. Sinia likaondoka, na mjumbe mmoja akalifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Nilitegemea vichekesho. Hakutoa hata kimoja. Aliongea kwa ufupi, kama anavyoongea mtu akiripoti msiba. Alisema alichokuwa akikoroga, aliwapa nani, kila lini, na nini kinafika kwenye sahani za wagonjwa wenye dripu mkononi. Akaongeza habari za miguu ya kuku, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, na akakaa.

Mganga mkuu alimshukuru. Kisha akamuuliza kitu ambacho mpaka leo naona kilikuwa swali la haki. Kuku huyu ni wa bei nafuu, alisema. Wapo wagonjwa ambao nyama pekee wanayoiona kwa mwaka wanaiona kwenye sahani ya hospitali. Tukimwondoa, mama, watu hao tuwape nini?

"Sijui," alisema shangazi. "Mimi nilikuja kueleza kidole."

Aliyedakia ni mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mkubwa aliyekuwa ameitwa tu kwa sababu ajenda ilitaja jikoni. Alisema wagonjwa wenyewe wanarudisha nusu ya kuku yule kwa sababu hana ladha, na kwamba akiruhusiwa kupika maharage kama yanavyotakiwa, na mayai, na samaki siku moja moja, hakuna atakayekufa kwa kukosa mguu wa kuku. Kuku abaki mara moja kwa wiki, anunuliwe kwa mfugaji atakayekubali kupimwa. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakapiga kura, na pendekezo la mpishi likapita kwa tofauti ya mtu mmoja. Nashuku huyo mmoja alikuwa yule wa soseji, amekasirika akitaka mkutano uishe.

Kampuni ilimfukuza wiki hiyo hiyo, kwa kosa la kuvujisha siri za mwajiri. Shangazi aliwauliza siri zipi, maana alizipigia kelele supamaketi kila siku na wakampa cheti. Mkuu wa masoko hakucheka safari hii. Alitazama ncha za viatu vyake, akasema dukani ilikuwa burudani.

Lakini hospitali ilikuwa mteja mkubwa, na hospitali nyingine mbili zikaanza kuuliza maswali yale yale. Haikuchukua muda unga wa njano ukafungiwa kwenye kabati, ufunguo ukakaa kwa daktari wa mifugo, na kuku mzima akaanza kunywa maji matupu. Ili wasiugue ilibidi wapunguzwe bandani, wapate pa kugeukia. Kampuni ikabandika mabango makubwa barabarani kutangaza kwamba, kwa kujali afya yako, imeamua yenyewe kuachana na dawa zisizo za lazima. Shangazi alisimama chini ya bango moja akalisoma lote kwa sauti, akasema ni vizuri kuwa na mwajiri mwenye moyo.

Vifua havikubadilika. Kuku bado ni yule yule, mbegu ile ile, mzito kuliko miguu yake, na kila asubuhi kuna mtu anapita na ndoo. Hilo hakuna hospitali iliyolipigia kura. Nilipomwambia shangazi kwamba angalau ameshinda nusu, alinitazama kama nimemrudishia chenji pungufu.

Siku hizi ana banda lake mwenyewe, la chakula, karibu na geti la kampuni. Anapika maharage kwa namna aliyofundishwa na yule mpishi wa hospitali, ambaye wamekuwa mashoga na wanagombana kila Jumapili kuhusu nazi. Wateja wake wakubwa ni wahudumu wa mabanda. Hawa hawali kuku hata kwa dawa, na saa ya chakula wanajipanga na makopo yao wakinuka vile vile alivyokuwa akinuka yeye. Shangazi hawapunguzii maneno. Anawauliza habari za bandani, nao wanamweleza, na akimsikia mgeni ameokota wengi siku ya kwanza humwongezea upawa bila kusema kitu. Nyama anakula bado, ya mbuzi, mara chache, kwa mwenye bucha mmoja ambaye amemlazimisha ampeleke kuona mbuzi wanakolala.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia. Palikuwa na dereva mmoja mgeni, ameshika sahani, anauliza mbona hakuna nyama hapa na kampuni iko mlango wa pili. Wahudumu wote wakaacha kula, wakageuka kumtazama shangazi, wakisubiri. Akajipangusa mikono kwenye aproni, akavuta kiti akakaa mbele ya yule dereva, na akaanza kwa kumuuliza kama ameshashiba.